Siku Niliyopiga Magoti Buhongwa

Sipendi kuusimulia mkasa huu, na nisingeusimulia kama si ninyi, rafiki zangu, mnaoendelea kunisifu kwa adabu ambayo siku ile ilimvunja mtu nyonga. Mimi niliyewafundisha mabinti wa watu namna ya kukaa, kusalimu na kunyamaza, niliaibika mbele ya ukoo mzima wa mume wangu nikiwa chini mavumbini, na kilichoniweka pale ni ukaidi ambao kwa muda mrefu nilikuwa nikiuita heshima.

Goti langu la kulia lilikuwa limekwisha. Mfupa ulisaga mfupa, nikawa nafundisha nimekaa, na kupanda kwenda nyumbani kwangu Igogo (anayepajua anajua kwamba kule nyumba zimeparamia mlima na njia ni mwamba mtupu) kukawa ni safari ya machozi. Daktari alisema dawa ni moja tu, kupasuliwa na kuwekewa goti la bandia, tena Nairobi. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, mume wangu amekwisha kupunguzwa kazi kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, na kila kitu kilipatikana madukani isipokuwa uwezo wa kukinunua.

Aliyeniokoa ni mama mkwe wangu, mjane aliyeishi Buhongwa na mifugo yake. Hakuombwa. Alisikia habari, akaamuru ng'ombe wake wapelekwe mnadani, na mwanawe alipojaribu kumzuia alimjibu, "Ng'ombe wana miguu minne kila mmoja. Huyu hana hata miwili."

Nikapasuliwa, nikarudi. Sitawachosha kwa habari za magongo, wala za asubuhi nilizokaa ukingoni mwa kitanda nikilikunja goti huku nimeuma kanga ili majirani wasinisikie, wala za kujifunza upya ngazi zangu za mawe kama mtoto, mguu mzima utangulie kupanda, mguu mgonjwa utangulie kushuka. Ilitosha kwamba nilifika mahali pa kutembea kwa fimbo moja, nikarudi darasani, nikarudi sokoni, na watu wakasema Mama Kulwa amefufuka. Onyo lilikuwa moja, nililopewa na muuguzi aliyenifanyisha mazoezi: "Mama, hili ni la kutembelea. Usilipigie magoti mpaka tukwambie."

Ndipo mama mkwe alipotuita Buhongwa. Alitaka kuchinja mbuzi na kumshukuru Mungu mbele ya ndugu, na pamoja na mwaliko alituma neno, ambalo mume wangu alinifikishia tukiwa mezani.

"Mama anasema usimpigie magoti. Anasema amekuachilia."

Mnajua desturi ya kwao. Mke wa mtoto hamsalimu mama mkwe akiwa wima, na mimi katika ndoa yangu yote sikuwahi kukosea. Neno lile lilipaswa kunipumzisha. Lakini tulipofika, kabla sijashuka vizuri kwenye pikapu tuliyokodi, wifi yangu Kabula, dada wa mume wangu, mwenye duka la mitumba Igoma na ulimi usiolala, akanipokea kwa kicheko.

"Karibu wifi. Leo tutasalimiwa kama na mkuu wa wilaya, eti? Wima?"

"Nani kakwambia?" nikamjibu.

"Goti la Nairobi hilo, wifi. Halishuki kwa washamba."

Wanawake waliokuwa wakichambua mchele wakacheka, bila ubaya mkubwa. Nami hapo hapo nikafanya uamuzi mdogo kabisa: nikaiacha fimbo ndani ya gari.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, amevaa kitenge kipya kwa ajili yangu. Nikavuka uwanja, watu wote wananitazama, naye akaniona, akaanza kutikisa kichwa na kuinua mkono kunizuia (aliniona, nasema, na mimi niliuona mkono ule), lakini nilikuwa tayari nashuka, kwanza goti zima, kisha lile jipya, ambalo ngozi yake ilikuwa imekufa ganzi karibu na kovu hata sikujua ardhi iko wapi mpaka nilipoifikia kwa uzito wangu wote.

"Mwadila, mayu," nikamwamkia kwa lugha ya kwao, mayu ndiyo mama.

Vigelegele vikapigwa. Na mimi, ndugu zangu, maumivu yalinipanda kutoka gotini hadi kwenye meno, na nilipojaribu kuinuka mguu haukunitii. Nikajaribu tena, wapi. Fimbo iko garini. Mume wangu alikuwa hatua chache tu, lakini kuita mume aje kuninyanyua mbele ya mama yake na Kabula akitazama, hilo nililiona ni aibu isiyobebeka. Basi nikafanya nini? Nikaanza kuomba. Nikafumba macho nikasali kwa sauti, nikashukuru kwa madaktari, kwa mvua, kwa mifugo, kwa pamba, kwa wafalme wa Agano la Kale, nikitumaini kwamba Mungu niliyekuwa namtumia kama pazia angeniinua kwa huruma. Watu wakainamisha vichwa. Mtu mmoja akanong'ona kwamba nyama inapoa. Nikasema amina, wakaitikia amina, nikabaki pale pale.

Mama mkwe peke yake ndiye aliyeelewa. Akainuka kutoka kwenye kigoda, akanijia, akasema kwa sauti ya chini nisiaibike, "Nipe mkono, mwanangu."

Nikampa. Mimi ni mwanamke mwenye mwili, naye alikuwa mwepesi kama bua la mtama. Nilivuta, na badala ya mimi kwenda juu yeye ndiye aliyekuja chini, akaniangukia begani, akabiringika ubavu, na sote tuliokuwa karibu tukasikia sauti ya mfupa. Hakupiga kelele. Kabula ndiye aliyepiga. Sahani ya pilau ikakanyagwa, mbwa wakaja, na pikapu iliyonileta kwenye shukrani ikampeleka yeye hospitalini, amelala juu ya godoro na fimbo yangu pembeni yake.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Madaktari wakasema kwa umri wake hapasuliwi, alale. Akalala. Hakutembea tena.

Nilikuwa nikienda Buhongwa kila nilipopata nafasi. Mara ya kwanza nilisimama mlangoni nikilia, nikataka kupiga magoti kando ya kitanda kumwomba radhi, akanikatiza kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake.

"Usirudie. Nilikukataza, hukunisikia."

"Nilitaka kukuheshimu, mayu."

"Ulitaka kumheshimu nani? Mimi nilikuwa nimeshakataa." Akavuta pumzi kwa taabu. "Nenda mpaka dirishani, urudi. Nataka kuona ng'ombe wangu wakitembea."

Nikaenda hadi dirishani, nikarudi. Hiyo ndiyo ikawa salamu yetu, kila nilipofika, mpaka alipokwisha, kabla pamba haijavunwa.

Siku ya maziko, wake wote wa ukoo walipiga magoti kaburini kutupa udongo. Ilipofika zamu yangu nikasimama wima kwa fimbo yangu, nikainama kiunoni kadiri nilivyoweza, nikatupa udongo wangu. Nyuma yangu nikamsikia mmoja akisema kwamba huyu kiburi hakijamtoka, hata kwa marehemu hashuki. Kabula akakaa kimya.

Nilimaliza, nikageuka, nikatembea taratibu mbele yao wote mpaka kwenye kivuli cha nyumba. Na nimeapa, hata mnitazame vipi, sitapiga tena magoti kwa ajili ya macho ya watu.