Hairuhusiwi Kubadilisha Chochote

Mume wangu alipostaafu, shule ilimpa saa ya ukutani, na mwalimu mkuu akasema katika hotuba kwamba tumempoteza mwalimu wa Historia wa kipekee. Hakuna aliyebisha, maana ilikuwa sherehe na soda zilikuwa bado hazijafunguliwa. Lakini kila aliyekuwa ukumbini alijua kwamba Historia aliifundisha kama mtu anayefua nguo za jirani. Kazi yake hasa ilikuwa ratiba.

Kwa miaka ishirini na sita yeye ndiye aliyeamua nani afundishe nini, darasa gani, siku gani, saa ngapi. Wanafunzi walimwita Kengele. Enzi hizo hakukuwa na kompyuta, kwa hiyo kila likizo ya mwisho wa mwaka sebule yetu iligeuka ofisi yake. Alitandaza karatasi nne za manila sakafuni, juu yake akapanga vipande alivyovikata kwenye maboksi ya sabuni, kila somo na rangi yake. Wiki mbili nzima feni haiwashwi, dirisha halifunguliwi, na mimi mwenye nyumba napiga hodi kwenye mlango wangu mwenyewe. Mtoto akipiga chafya karibu na karatasi zile, Kemia inahamia Alhamisi.

Wiki ya mwisho ya likizo walimu wenzetu walianza kutukumbuka. Watu ambao mwaka mzima hawakujua tunakaa wapi walikuja kutujulia hali. "Hodi hapa! Mwalimu, nyumbani hawajambo? Mimi napita tu." Anapita tu, na mkononi ana kikaratasi: asiwekewe vipindi vya Jumanne asubuhi, mama yake ana kliniki. Kengele alikipokea, akakitia mfuko wa shati, akasema, "Tutaona." Sijapata kumwona mtu akifurahia neno moja kiasi kile.

Mwalimu wa Hesabu hakupita hata siku moja. Badala yake, kikaoni, mbele ya walimu wote, alisema ratiba ile hata mbuzi wake angeipanga vizuri zaidi. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe, kabla sijakumbuka nimeolewa na nani. Kengele alifungua daftari, akaandika kitu kifupi, akalifunga. Muhula uliofuata Hesabu ikawekwa Ijumaa saa nane mchana, vipindi viwili mfululizo, watoto wametoka kula, bati limepata moto, nusu wamelala na nusu kwa mawazo wameshafika kwao. Ikakaa hapo miaka kumi na tisa. Mwenye mbuzi akastaafu akaenda zake, na kipindi hakikuhama.

Na Jiografia? Jiografia haikuwa na kipindi hata kimoja Ijumaa mchana, mwaka hata mmoja. Mwalimu wa Jiografia nilikuwa mimi.

Naomba nieleweke. Huyu ni mwanamume ambaye siku yangu ya kuzaliwa huikumbuka mwezi mmoja baadaye, na maneno yake matamu yote huanza na "ile chai." Lakini kila Ijumaa saa saba na nusu nilibeba mkoba wangu, nikaenda nyumbani, nikaosha nywele, nikajinyoosha kitandani hadi jua lipoe, na nilijua nani kanipa mchana ule. Ulikuwa upendeleo mtupu. Niliupenda, sitaki kujifanya mtakatifu.

Kompyuta ilipofika shuleni, Kengele akagundua programu ya kupanga ratiba. Ilikuwa programu huria: watu wa nchi mbalimbali wameitengeneza kwa kujitolea, wakaiachia dunia, anayetaka aitumie, aibadilishe, aigawe. Maelezo yake yalikuwa kwa lugha za watu, naye alijifunza kwa kamusi na ubishi. Alipostaafu, akakaa likizo ya kwanza bila mtu hata mmoja wa "napita tu," nikaona ananyong'onyea. Ndipo akaanza kuandika masomo ya programu ile kwa Kiswahili. Masomo kumi na mawili, yenye picha, hatua kwa hatua. Yalikuwa mazuri. Nasema bila upendeleo, ingawa mmeshajua nyumba yetu na upendeleo.

Kwa mfano wa kufundishia alitumia ratiba pekee aliyoijua kwa moyo. Somo la tano lilisema: "Sasa weka Hesabu, Ijumaa saa nane, vipindi viwili." Na hatua inayofuata: "Sasa funga Ijumaa mchana kwa mwalimu wa Jiografia, asipangiwe kipindi." Sababu haikutajwa.

Alipowatumia, wenye programu walifurahi mno. Wakamwandikia: masomo haya nayo yanahitaji leseni, ili msomaji ajue ameruhusiwa nini. Chagua. Wakampa orodha. Ya kwanza, mtu afanye atakalo. Ya pili, abadilishe, mradi aache jina la mwandishi na aseme alichobadilisha. Zikafuata nyingine, hadi ya mwisho: agawe bure, ila asiguse kitu.

Kengele alitembea na orodha ile siku tatu kwenye mfuko wa shati. Maisha yake yote leseni ilikuwa kitu cha kuombwa dirishani, ukiwa na picha mbili, ukaambiwa aliyeshika muhuri ametoka. Ya udereva aliifuata mara nne. Sasa yeye ndiye aliyekaa upande wa ndani wa dirisha, na kwa kweli alipapenda.

"Chagua ya pili," nilimshauri.

"Wabadilishe nini?" akaniuliza. "Kwani kuna kosa?"

Akachagua ya mwisho. Na kwa kuwa kamstari kadogo chini ya ukurasa hakakumtosha, aliandika mwenyewe juu ya kila ukurasa, kwa maandishi mekundu: HAIRUHUSIWI KUBADILISHA CHOCHOTE.

Masomo yalisambaa kuliko tulivyotarajia. Kila shule ina mwalimu wa taaluma aliyetupiwa mzigo wa ratiba na hajui aanzie wapi. Kumbe yapo maelezo ya Kiswahili, na hatua zake! Wakazifuata moja baada ya nyingine, wakaweka walimu wao na madarasa yao, na walipofika somo la tano wakaweka Hesabu Ijumaa saa nane kama walivyoambiwa. Shule ambazo hazijawahi kumwona yule mbuzi zikaanza kulipa kosa lake.

Mojawapo ilikuwa shule ya kifungua mimba wetu. Binti huyu, kati ya masomo yote duniani, alisomea ualimu wa Hesabu, jambo ambalo baba yake alilichukulia kama dharau ya kifamilia. Alinipigia simu analia. Darasa lake la mtihani limeshuka vibaya, na mwalimu mkuu amempa barua: mtihani wa majaribio ukienda hivyo tena, ananyang'anywa darasa.

"Watoto wanalala, Mama. Wale wasiolala nawaonea huruma."

"Mwambie mwalimu wa taaluma akihamishe kipindi."

"Nimemwambia. Kanionyesha ule ukurasa mwekundu. Anasema hairuhusiwi, tusije tukashitakiwa."

Yule bwana alikuwa ameielewa leseni ya masomo kuwa ni sheria ya ratiba yenyewe. Nikamwambia binti yangu, basi mpigie baba yako.

"Mama, wewe umewahi kumsahihisha Baba?"

Nikafikiri. Miaka thelathini na minne. Sikupata mfano.

Akaamua kumwandikia kama mtu baki, kwa anwani mpya ya barua pepe, akiomba ruhusa ya kubadilisha somo la tano. Akasaini "Mwalimu wa Hesabu," akaniapisha nisiseme.

Kengele aliisoma barua mezani, akainuka. "Ni yeye!"

"Nani?"

"Yule wa mbuzi!"

"Yule hana hata simu ya maana."

"Kajificha. Namjua." Akaketi, akaandika kwa raha zote: Ombi lako limekataliwa. Ya pili ikaja, ya adabu zaidi. Akaikataa. Ya tatu ikaja na maelezo kuhusu watoto na joto. Hiyo aliijibu, "Tutaona," kisha akaikataa kesho yake. Tangu astaafu sikuwa nimemwona na afya kama ile.

Na mimi nilinyamaza. Niliapishwa, ndiyo. Lakini nikisema ukweli wote, somo la tano likifunguliwa, mtu angeuliza kwa nini Jiografia imefungiwa Ijumaa, na niliona aibu. Mtoto wangu analia huko aliko, na mimi nimekaa nalinda usingizi wa mchana nilioulala miaka iliyopita. Sijivunii.

Barua ya nne ilikuja zikiwa zimebaki wiki tano kabla ya mtihani wa majaribio. Safari hii aliambatisha ratiba ya shule yake. Kengele akavaa miwani ili, alivyosema, ajionee upuuzi. Katika kila chumba cha ratiba huandikwa somo, darasa, na herufi tatu za jina la mwalimu. Nilikiona kidole chake kikitambaa juu ya kioo cha kompyuta, Jumatatu, Jumanne, kikafika Ijumaa, kikasimama. Herufi zile tatu aliziandika yeye mwenyewe kwenye madaftari ya mtoto, siku anaanza darasa la kwanza.

"Nani kamweka mwanangu hapa?"

"Somo la tano," nikasema.

"Ulikuwa unajua?"

"Tangu barua ya kwanza."

"Mbona yeye hakuniambia?"

"Kakuambia mara nne. Umemkatalia mara tatu."

Akavua miwani, akasema taratibu, "Nilidhani ni yule wa mbuzi."

"Hata angekuwa yeye," nikamjibu, "watoto wanaolala darasani si wake."

Sikuwahi kumsemesha hivyo, na nilikuwa nimekasirika. Siku hiyohiyo aliwaandikia wenye programu kwamba anataka leseni ya pili. Wakamjibu kwamba nakala zilizokwisha kutoka haziwezi kurudishwa, lakini mpya ni ruksa. Akaanza kufuta maandishi mekundu, ukurasa kwa ukurasa, kurasa themanini na nne, hakutaka asaidiwe. Kisha akamwandikia binti yake. Kuomba radhi hajui, hajafundishwa. Aliandika: Ombi lako limekubaliwa. Akaweka jina lake kamili, na chini yake, "Baba yako."

Somo jipya, alilolibadilisha binti yetu, lilitoka baada ya wiki moja. Mwalimu wa taaluma wa kule alilifuata hatua kwa hatua bila kubadilisha chochote, ingawa sasa ameruhusiwa. Binti yetu alipata mwezi mzima wa asubuhi, majaribio yakapanda, si sana lakini yakapanda, na darasa bado ni lake.

Leseni ya pili inataka useme ulichobadilisha. Binti yetu alisema, mwanzoni kabisa, na sababu akaziweka, tofauti na baba yake. "Hesabu imetolewa Ijumaa saa nane, imehamishiwa Jumatatu na Jumatano asubuhi. Sababu: wanafunzi wanakuwa macho." Na kwa kuwa nafasi haiwezi kukaa tupu: "Jiografia imefunguliwa Ijumaa saa nane, vipindi viwili. Sababu: aliyefungiwa amestaafu."

Nilisoma mara mbili, masikio yakaniwaka moto. Kumbe binti yangu alijua. Huenda walimu wote walijua, miaka yote ile, nami nikipita katikati yao na mkoba wangu saa saba na nusu.

Kengele alikuwa anasoma juu zaidi, palipoandikwa nani kaandika na nani kabadilisha. La kwanza ni jina lake. La pili ni la binti yake, ambalo nalo linamalizika kwa jina la baba.

"Nimo mara mbili," akasema.

Ijumaa iliyofuata, saa nane, alinikuta jikoni nakatakata vitunguu.

"Mbona hujalala?"

"Kipindi changu kimefunguliwa, hujasoma?"

Akanitoa kisu mkononi, akaenda chumbani, nikamsikia anavuta pazia.

"Hiyo ni ya mashuleni," akasema akirudi. "Hapa nyumbani bado ni leseni ile ya maandishi mekundu."