Kapu la Leso Kuukuu

Krrr, krrr, kisha kimya. Cherehani ya Bi Zuhura naisikia mpaka leo, na nawaambia kweli, haukuwa mlio wake ulionitia wasiwasi, ni kule kunyamaza. Mtoto akikanyaga tu kizingiti chake pale mtaani Langoni, mguu ulitoka kwenye pedali na shuka ikatupwa juu ya kazi. Sasa fundi gani huyo anayeficha anachoshona?

Halafu lile kapu lake! Alipita nyumba hadi nyumba akiomba leso kuukuu, zile zilizofuliwa mpaka zikalainika kama shavu la kitoto kichanga. Mpya hakuzitaka. Nilikuwa na miaka tisa, na nilishasikia kwamba mwenye nia mbaya hutafuta nguo iliyoshika jasho la mwenyewe. Basi leso ya marehemu bibi yangu, niliyokuwa nikilala nayo, nikaificha chini ya godoro.

Ijumaa moja nikamwona dada yangu Mwanaesha akipokea furushi kutoka kwa Bi Zuhura. Alilisukuma chini ya buibui, akatazama huku na huku. Nikaunganisha mambo: kila mwezi Mwanaesha alikosa skuli siku nne, tano, amejikunja kitandani, na mama akiulizwa anasema tu, "Mwache." Kumbe karogwa!

Kesho yake nikaliiba furushi, nikakimbia nalo chuoni tunakosomea Kurani, nikamwekea maalim mbele ya wenzangu wote.

"Maalim, lisomee hili. Dada anarogwa nalo."

Akapiga bismillahi, akafungua. Vipande virefu vya leso, vimeshonwa tabaka juu ya tabaka, na kifungo kila upande. Maalim akakohoa, akatazama boriti za dari kama anayezihesabu.

"Funga, mwanangu. Rejesha ulikotoa. Na upite ndia ya nyuma."

"Hulisomei, maalim?"

"Halina haja!"

Wasichana wakubwa wakavunjika mbavu. Habari ikafika nyumbani kabla yangu.

"Umenivua nguo mbele ya mji mzima, wewe!" Mwanaesha alilia. Furushi akalitupa jaani, akaapa harudi tena kwa Bi Zuhura, wala Jumatatu kwenye mtihani haendi.

Miaka minne baadaye, siku zangu zilipoanza, ndipo nilipoelewa. Pedi za dukani zilikuwa anasa kwetu, na Bi Zuhura aliwashonea wasichana bure, akaficha kazi yake ili awasitiri wao. Nami nilimwita mchawi!

Lakini Jumamosi ile nilielewa moja tu: bila furushi, dada haendi skuli. Nikachungulia kwa Bi Zuhura. Kapu liko mlangoni, tupu.

Nikaitoa leso ya bibi chini ya godoro. Nikainusa. Nikapita ndia ya nyuma, peke yangu, nikaitia kapuni.