Niliziba mianya ya baraza ya bibi yangu mpaka ikaelea

Wakuu wa ukurasa huu wa wasomaji, salaam kutoka Mbwera.

Nimesoma majibu aliyopewa yule mwenzetu wa mjini aliyeuliza namna ya kutunza baraza ya mbao iliyo nje ya nyumba isioze. Mmoja kamwambia apake vanishi. Mwingine kamwambia azibe mianya yote kwa gundi na unga wa mbao, "ipendeze kama meza". Mhariri naye kayachapa yote bila aibu.

Nilicheka mpaka bibi akaniuliza nina nini.

Basi naeleza yaliyonipata. Sitapunguza kitu, hata pale ninapoonekana mjinga, na mtaona ni pengi.

Nina miaka ishirini na mitatu. Useremala hakunifundisha mtu. Nimejifunza kwa kuchungulia kazi za wengine na kuharibu mbao zangu. Nina ugonjwa mmoja: nikiona ubao umekaa upande hata kwa unene wa uzi, chakula hakipiti. Wengine huuita ufundi. Ni woga tu. Naogopa mtu apite, atazame, atikise kichwa, aende zake.

Aliyenilea ni bibi yangu, mzaa mama. Miguu yake imechoka, ngazi hashuki tena. Nyumba yetu imesimama juu ya nguzo za mikoko, ukingoni mwa kijito cha maji ya chumvi, kama nyumba nyingi za huku. Mbele ya mlango, chini kidogo ya sakafu ya nyumba, kuna baraza ya mbao, nayo juu ya nguzo zake. Hiyo baraza ndiyo dunia yote ya bibi. Hapo anasuka ukili wa mikeka, hapo anagombana na wanaopita kwa mitumbwi, hapo anatawadha.

Baraza hiyo aliijenga marehemu babu. Mbao alizifunga kwa kamba za usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, na kati ya ubao na ubao akaacha mwanya wa kidole. Kila masika ikiisha alifungua kamba zote, akageuza mbao, akatupa zilizooza, akaunguza nguzo kidogo kwa moto wa makuti ili kuua wadudu, akazipaka sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa vyombo vya baharini. Kisha akafunga upya. Kila mwaka vilevile.

Babu alipofariki, mimi nikaona hiyo ni kazi ya watu waliokosa misumari. Nikaiacha.

Masika mbili zikapita. Akaja mjomba wangu Salumu, mtoto wa kwanza wa bibi, mkulima wa Ruaruke. Mjomba ni mtu wa nchi kavu. Hata kwenye mtumbwi hukaa amefumba macho. Akakanyaga ubao mmoja, mguu ukazama mpaka gotini.

Akautoa mguu taratibu. Akaniambia, "Mjomba, nikija masika ijayo nikakuta hali hii, mama namchukua."

Bibi akadakia, "Unanichukua unanipeleka wapi? Kwako kuna nini? Nikae kutwa natazama mihogo?"

"Kwangu kuna sakafu, mama."

Maneno hayo yaliniingia kama mwiba. Bibi hana mtu mwingine hapa ila mimi, na mimi sina mtu mwingine popote. Nikaapa kwamba mjomba akirudi atakuta baraza isiyo na kasoro hata moja.

Ndipo nilipokwenda Mohoro kuuza mikeka ya bibi, nikapita mbele ya nyumba ya Bwana Misitu, yule Mzungu anayesimamia ukataji wa boriti. Wakuu, baraza yake! Mbao zimebanana, zinang'aa. Bwana mwenyewe hakuwepo. Nikapiga magoti nikajaribu kupitisha ukucha kati ya ubao na ubao. Ukucha haukuingia.

Askari wa mlangoni akaniuliza, "Umepoteza nini wewe?"

Nikamjibu sijapoteza kitu. Uongo. Nilikuwa nimekwisha kupoteza akili.

Maana sikujiuliza swali moja ambalo hata mbuzi angejiuliza: nyumba ile iko wapi? Iko juu, kwenye ardhi kavu. Maji pekee yanayofika pale ni yale ya kwenye glasi.

Nikarudi Mbwera na misumari na kopo la lami. Nikang'oa kazi yote ya babu. Kamba nikazitupa kijitoni. Nikaranda mbao mpya za mkomafi, nikazipima kwa uzi mara tatu tatu, nikazibananisha na kuzipigilia pamoja. Palipobaki nafasi ya unywele nikashindilia pamba iliyochovywa sifa, kisha nikapaka lami juu, kama wanavyotia kalafati kwenye vyombo. Mwisho nikazungusha ubao wa ukingo pande zote nne, wa shubiri moja kwenda juu, ili vitu vya bibi visianguke majini. Hata mlangoni ilibidi kuruka ukingo.

Nguzo za babu zilikuwa za mkoko mkongwe, ngumu, misumari ikawa inapinda. Misumari iliyopinda inaniumiza macho. Kwa hiyo, ya kuishikiza baraza kwenye nguzo nikapiga minane tu, mifupi, iliyonyooka vizuri.

Rudieni kusoma hapo, wakuu. Nilichagua misumari kwa kutazama uzuri wake.

Ng'ambo ya kijito anakaa Fundi Mbonde, muunda mashua, mtu wa maneno makali ambaye hajawahi kumsifu mtu tangu nimfahamu. Akasimama akatazama kazi yangu yote, akapaza sauti, "Bwana mdogo! Chombo kizuri. Tanga utaweka wapi?"

Nikamdharau. Nikasema moyoni, wivu huo.

Siku ya kwanza bibi alipotawadha, maji hayakwenda popote. Zamani yalikuwa yanapita mwanyani, yanaanguka chini, yamekwisha. Sasa yakasimama, yakamzunguka, yakamlowesha kanga.

"Mume wangu," akaniambia, maana ndivyo anavyonitania, "maji yangu yaende wapi?"

Nikamletea karai.

Akalitazama karai. Akanitazama. "Kumbe nimekuwa mgeni."

Nami badala ya kuona haya nikamweleza jinsi ya kulitumia bila kuchafua lami.

Masika ikaanza. Mvua ikinyesha, baraza inajaa. Kila asubuhi nikawa nachuchumaa pale na kata ya kifuu, nakumba maji, natupa nje, nakumba, natupa. Mtu mzima anakumba maji kwenye baraza ya nyumba, kama baharia, na bado hashtuki! Fundi Mbonde alikuwa akinipungia mkono kila siku. Nilidhani ananisalimu.

Mjomba akafika wakati wa bamvua, siku maji ya bahari yanapojaa kuliko siku zote, na mto unaoingia kijitoni kwetu nao ulikuwa umeteremsha maji ya mvua. Ilikuwa alasiri. Akapanda ngazi akiwa na kanzu nyeupe, akakanyaga kwa uangalifu, akakanyaga tena kwa nguvu. Akaruka kidogo. Baraza haikulia hata ki.

"Nani kafanya hii?"

"Mimi, mjomba."

Akakaa kitini, akapitisha kiganja kwenye ukingo. "Hapa sasa panakalika. Mama, nadhani sina neno tena."

Wakuu, nilitaka kulia. Bibi yuko kwenye mkeka wake, mjomba yuko kitini, maji yanapanda chini yetu na hakuna hata tone lililoingia. Nikaingia ndani kuchukua birika la chai.

Nikasikia misumari inalia. Msumari ukitoka kwenye mti mgumu unalia kama panya aliyebanwa. Nilihesabu milio. Ilikuwa minane.

Nilipofika mlangoni na birika mkononi, nikaona mwanya. Mimi niliyeziba mianya yote nikatazama mwanya mmoja ukifunguka kati ya mlango na baraza. Kidole. Shubiri. Dhiraa.

Mjomba akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nyumba inakwenda."

"Nyumba ipo palepale," bibi akamjibu. "Tunaokwenda ni sisi."

Na walikuwa wanakwenda kweli. Maji yalikuwa yameshikwa chini, hayana pa kupitia, yakainua kazi yangu yote kama sinia. Mkondo wa mto ukaikamata, ukaigeuza polepole, ukaielekeza kwenye mlango wa kijito, kunakoanzia bahari. Bibi hawezi kuogelea. Mjomba hajawahi.

Nikatupa birika nikajirusha. Nikaushika ukingo wangu mzuri, nikavuta. Ni kama kuvuta ng'ombe. Mjomba aliposimama, baraza ikainama upande wake, maji yakaingia.

"Kaa chini, Salumu!" bibi akamkemea. "Kaa kama nilivyokulea!"

Akakaa majini na kanzu yake.

Fundi Mbonde alitufikia na mtumbwi karibu na mlango wa kijito, akatupa kamba, bibi akaidaka. Akatuvuta mpaka kwenye matope ya upande wake. Kwanza alihakikisha bibi amebebwa mpaka pakavu. Ndipo akainama akatazama chini ya baraza.

"Haikuvuja," akasema. "Nami kazi yangu ya kwanza ilivuja."

Mpaka leo ndiyo sifa pekee niliyowahi kupewa na fundi huyo.

Mjomba hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepata nafuu. Kesho yake asubuhi alimbeba mama yake mgongoni, akamtia mtumbwini.

Bibi akaniambia, "Babu yako hakuwahi kukata ubao ulionyooka maisha yake yote. Lakini sikuwahi kusafiri nikiwa nimekaa kwangu."

Wakaondoka.

Nilikaa siku nyingi naichukia kila kona ya nyumba ile. Halafu nikamfuata Fundi Mbonde. Alinichambua kwanza, mbele ya watu, kwa muda mrefu. Kisha akanisaidia kuirudisha baraza kwetu, akanipa kamba mpya za usumba.

Nikabandua lami. Nikatupa ukingo. Nikapanga mbao upya na kuacha mwanya wa kidole, nikazifunga kwa kamba nilizoloweka kwanza, maana zikikauka zinakaza kuliko msumari. Nguzo nikaziunguza, nikazipaka sifa. Ile mianya ilinitesa macho. Nakiri nilichonga kijiti kimoja nikakipitisha kwenye kila mwanya ili ilingane. Ugonjwa hauponi wote.

Nikatuma salamu Ruaruke. Kimya. Nikatuma tena. Kimya.

Mwishowe mjomba alikuja mwenyewe, amembeba bibi, naye mjomba amekonda. Bibi alikuwa amemwambia kila siku, asubuhi na jioni, kwamba sakafu yake ya saruji inarudisha maji ya udhu miguuni. Kila siku, wakuu. Namjua bibi yangu.

Mjomba hakutaka kupanda. Akasimama ngazini. "Mpaka nione maji."

Tukangoja bamvua. Maji yakapanda, yakatokeza kwenye mianya yote kwa pamoja, yakamlowesha mjomba vifundo vya miguu. Akafumba macho, akashika nguzo. Baraza haikusogea. Baada ya muda maji yakashuka yalikotoka, yakaacha tope jembamba.

Bibi akaomba birika. Akatawadha bila haraka, maji yakaanguka chini, sote tukiyasikia.

"Haya, Salumu," akasema. "Wewe rudi kwako."

Nilichojifunza ni hiki: baraza ya nje haitunzwi kwa kuzuia maji, inatunzwa kwa kuyapa njia ya kupita. Na kabla hujaiga nyumba ya mtu, tazama imesimama wapi. Baraza ifungue kila mwaka, hata kama haijaoza. Hasa kama haijaoza.

Wenye baraza za mbao, andikeni mnavyofanya kwenu. Nitasoma, na pengine nitawacheka. Wewe uliyeshauri gundi na unga wa mbao, nakukaribisha Mbwera wakati wa masika uje kutufundisha. Njoo na kata yako ya kukumbia maji.