Gari Lililolia Kama Bunduki

Gari langu la turbo lilikuwa zee tangu siku niliyolinunua, lakini lilinitumikia vizuri mpaka lilipoanza kukohoa. Likisimama, lilinguruma kama kawaida. Nikikanyaga mafuta kupanda kilima, lilitetemeka, likakosa nguvu, kisha ekzosi ikalipuka: pa! Makenika wangu wa Kawangware alibadilisha plagi, akabadilisha koili. Mlio ukabaki.

Jumamosi moja nilimpeleka mama kwa dada yake Kibera. Tulipitia mtaa wa Ayany, tukaingia njia nyembamba yenye vibanda pande zote. Palikuwa na kilima kidogo. Nikakanyaga mafuta. Pa! Pa!

Watu walilala chini. Wiki hiyo kulikuwa na maandamano, na risasi za kweli zilikuwa zimesikika mtaani humo. Nilizima injini haraka. Nilipogeuka, mama alikuwa ameteremka kwenye sakafu, katikati ya viti, mikono kichwani.

"Mama, ni gari tu."

Alizidi kujikunyata. Nikiwa mdogo, wakati wa vurugu za uchaguzi, alinilalia hivyo hivyo chini ya kitanda chetu. Bado naukumbuka uzito wake.

Watu walipoinuka na kujua ni gari, walikuja kwa hasira. Jamaa mmoja alipiga boneti kwa kiganja.

"Unatuchezea? Toa hii kitu hapa!"

Nilitaka sana kulitoa. Lakini ningekanyaga mafuta, lingelipuka tena, na mama yumo ndani. Mbele palikuwa na mkokoteni wa maji, nyuma bodaboda zilikuwa zimejipanga. Hata mlango wangu ulifunguka nusu tu, ukagonga mabati. Nilibaki nimeshika usukani, jasho likinitiririka, nyuso zikiwa zimebandikwa kwenye vioo.

Aliyetuokoa ni mwanamke aliyekuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, kando ya njia. Alifungua mlango wa nyuma, akachuchumaa, akaanza kumsemesha mama kwa Kijaluo, taratibu, kama anamwamsha mtoto. Sikusikia yote. Baada ya muda mama alitoka, akaketi kwenye kibanda cha yule mwanamke.

Ndipo nikajipenyeza nje, nikafungua boneti. Nikamwambia yule jamaa mwenye hasira, "Kama unataka nitoke, kaa hapo ukanyage mafuta. Ikilia, usiache."

Alisita, akaketi penye usukani, akawasha. Nikamwashiria yule mwanamke. Akamziba mama masikio kwa viganja vyake.

Mlio wa injini ukapanda. Nilipitisha mkono polepole kwenye mpira mnene unaopeleka kwa injini hewa inayosukumwa na turbo. Juu ulikuwa mzima. Chini, mahali ambapo jicho halifiki, upepo ulinipiga vidole. Mpira ulikuwa umepasuka, na ufa ulifunguka pale tu turbo ilipoanza kusukuma. Hewa ilipotea, petroli ikazidi, ile isiyoungua ikaenda kulipukia kwenye ekzosi.

"Zima!" nikapiga kelele. "Nimeipata!"

Mwenye bodaboda mmoja alinipa kipande cha tyubu ya gurudumu. Niliufunga ule mpira kwacho, nikakaza mpaka vidole vikauma. Mkokoteni ukasogezwa. Nikawasha, nikakanyaga. Gari likanguruma bila kukohoa, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza.

Mama hakucheka, wala hakukubali kupanda tena.

"Wewe endesha," alisema. "Mimi nitatembea."

Akatangulia, ameshikana mkono na muuza omena, nami nikamfuata nyuma kwa gia ya kwanza mpaka mlangoni kwa dada yake.