Ramani Nyuma ya Kalenda

Harufu ya waya wa kulehemu ukiyeyuka huniharibia siku mpaka leo. Nikipita karibu na fundi wa simu, pua inanirudisha Kawangware, kwenye kibanda cha anko Ochieng, nina miaka kumi, na mbele yangu kompyuta inanguruma kama mashine ya kusaga unga.

Kompyuta haikuwa ya anko. Mteja aliileta itengenezwe, na ndani yake kulikuwa na mchezo wa vita. Likizo hiyo ya Agosti mama alinituma kila siku kutoka mtaani kwetu Raila nimpelekee anko chakula, nami nikawa fundi wa kuchelewa kurudi. Niwaambie ukweli, niliupenda ule mchezo kuliko chapati. Kiwanja kilianza cheusi tititi. Ulituma askari mmoja mdogo mbele, na kila alipopita weusi ulifunguka: mto, daraja, matangi ya mafuta ya adui. Hapo ndipo ulipopeleka vifaru. Yule mdogo kwa kawaida alikufa. Sikumjali, nilitengeneza mwingine.

Siku moja anko alienda kutafuta spea, na mwenye kompyuta akaingia. Alikuwa mpole, na viatu vyake havikuwa na vumbi hata kidogo. Kwa Kawangware ya Agosti, hilo peke yake lilitosha kunishtua, lakini nilikuwa nikishinda.

"Wewe ni mkali," alisema nyuma yangu. "Unakaa wapi?"

"Raila."

"Huko mimi nitapotea tu. Hebu nichoree, kama hiyo gemu."

Akaninunulia soda. Nikachora nyuma ya kalenda kuukuu, ulimi nje: reli, kioski, choo cha ploti yetu ya vyumba vya kupanga, vichochoro vyote. Kisha, kwa kalamu nyekundu, kama matangi ya adui kwenye gemu, nikaweka alama kwenye matope ya mto, mahali Mama Mwende alipozika mitungi yake ya chang'aa, pombe ya magendo. Mama Mwende alikuwa jirani yetu, mtu wa Kitui, na Mwende wake alikuwa rafiki yangu wa kulala kitanda kimoja. Pale kwetu kila mtoto alijua kazi yake. Ukiona askari, unaita kuku wako kwa sauti, hata kama ploti nzima haina kuku. Mama Mwende akisikia, anapenya mwanya ulio nyuma ya choo mpaka mtoni. Huo mwanya pia niliuchora.

"Ukivamia mbele pekee, atatoroka," nilimfundisha yule mtu. "Lazima uzibe nyuma."

Alicheka kidogo, akaikunja kalenda polepole, akaitia mfukoni.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, niliona askari wakija kwa njia ya reli. Niliita kuku mpaka koo likauma. Mama Mwende akashika njia yake, nami nikatulia, kwa sababu siku zote ilifanya kazi. Kisha nikasikia nduru nyuma ya choo.

Walimleta Mama Mwende, leso yake ikiwa imejaa matope, na mitungi yote ikiwa imebebwa nyuma yake. Mwisho wa msafara alikuwa mwenye kompyuta. Aliponiona akatabasamu, akanipungia mkono, kama mtu anayemsalimia mwenzake wa kazi.

Mwende alikuwa amesimama kando yangu. Aliutazama ule mkono, halafu akanitazama mimi. Kabla shule hazijafunguliwa, nyanya yake alikuja akamchukua Kitui, na mama yake hakurudi tena Raila.

Mama yangu aliuliza ploti nzima nani alisema. Mimi nilisema naumwa na tumbo, nikajifunika blanketi.

Muda huo wote nilidhani mimi ndiye niliyekuwa nikicheza. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba nilikuwa yule askari mdogo anayetumwa mbele kufungua weusi, ila mimi sikufa. Kitui si mbali, mabasi yanaenda kila siku. Sijawahi kupanda hata moja. Naogopa Mwende atanitazama tena vile.