Asubuhi Aliyopigwa Msimamizi

Msichana yule aliletwa kwetu akiwa amefungwa mikono kwa kamba ya katani. Baba yake wa kambo alimshusha kwenye lori lililotoka Ruhembe, akamsukuma hadi mlangoni.

"Anauma huyu," alisema. "Mkimfungua, shauri yenu."

Nilimfungua mimi, na kweli aliniuma. Alama ya meno yake ninayo mpaka leo chini ya kidole gumba.

Makao yetu yalikuwa nje kidogo ya mji wa Kilosa. Yalijengwa kwa ajili ya wazee wasio na ndugu, wengi wao watu waliotoka mbali enzi za ujana wao kuja kukata mkonge. Mimi nilikuwa mlezi: kuogesha, kulisha, kubadilisha mashuka, kufunga vidonda. Miaka ile mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa na maduka ya mjini yamejaa redio na vitenge, lakini unga wa makao ulizidi kupungua. Ndipo tulipoanza kuletewa vijana pia, waliokosa pa kupelekwa. Vitanda vilikuwepo, kwa sababu wazee walikuwa wanakufa.

Msichana alikuwa na kifafa. Kwao waliamini mate ya mgonjwa yanaambukiza, kwa hiyo siku alipoangukia moto, watu walisimama kumtazama mpaka mama yake alipotokea shambani mbio. Vidole vya mkono wa kushoto viliungana. Mgongoni alikuwa na makovu mengine, ya baba wa kambo, aliyedhani ugonjwa unatolewa kwa fimbo.

Chumba cha wanaume kilikuwa na mzee mmoja mrefu, mkata mkonge wa zamani, aliyepotewa na akili. Ukimwogesha anapiga. Mimi alishanipasua nyusi kwa kikombe cha bati. Siku msichana alipompelekea uji mara ya kwanza, alimzaba kofi. Msichana akaweka bakuli chini, akamrudishia. Nilikimbia kuwaachanisha, nikakuta mzee anacheka mpaka machozi yanamtoka. Tangu siku hiyo hakukubali kulishwa na mtu mwingine.

Msimamizi mpya alipokuja, alikuja na fimbo ya mpera. Alikuwa mtu nadhifu, shati limepigwa pasi. Mzee akichafua kitanda, anachapwa. Nilimfuata ofisini.

"Mzee yule hajui anapojisaidia," nilimwambia.

"Atajua," alijibu. "Wazee ni kama watoto. Ukiwaachia, wanazoea."

Nilikwenda hadi kwa watu wa ustawi wa jamii wilayani. Waliniambia watafika kuangalia. Hawakufika.

Asubuhi yenyewe tulikuwa jikoni, msichana anasonga ugali. Tukasikia fimbo uani. Msimamizi alikuwa amemburuta mzee nje, shuka lenye kinyesi limemzunguka miguuni, anamchapa mgongoni. Mzee alianguka kifudifudi. Fimbo haikusimama.

"Nitamaliza kazi yangu, nyapara," mzee alisema, mdomo umejaa vumbi. "Usinikate siku yangu."

Msichana alinipita. Mkononi alikuwa na ule mwiko mkubwa, bado una ugali wa moto. Alimpiga msimamizi sikioni, na alipogeuka akampiga taya. Nilisikia mfupa unavunjika. Msimamizi alipiga magoti, akatema jino na damu, kisha akalala ubavu akikinga kichwa kwa mikono. Msichana akaendelea kupiga vidole vilivyokikinga. Nilimkumbatia kwa nyuma nikamvuta. Alinipiga kwa kisogo puani, sote tukaanguka, damu yangu ikamwagikia shingoni mwake. Hapo ndipo mwiko ulipomtoka mkononi.

Polisi walimchukua. Mimi niliitwa kutoa maelezo, pua imevimba.

"Alipoanguka yule bwana, msichana aliendelea kumpiga?" askari aliuliza.

"Ndiyo, aliendelea."

Askari alikuwa anainuka. Nikasema, "Na mzee alipoanguka, bwana yule naye aliendelea. Hilo hujaniuliza."

Kesho yake askari yule alikuja makaoni. Nilimwinulia mzee shati, akauona mgongo. Palikuwa na michubuko mibichi juu ya ile ya zamani, na sehemu moja ngozi imeachana kabisa. Mzee aligeuza shingo, akamtazama kijana yule mwenye sare, wa umri wa mjukuu wake.

"Shikamoo, nyapara," alisema.

Askari akanisaidia kumteremsha shati.

Msichana aliachiwa baada ya kuanguka kifafa mahabusu, kwenye sakafu ya saruji, akajing'ata ulimi. Msimamizi alitibiwa taya akahamishwa, wala hakujitokeza tena kudai kesi. Nadhani hakutaka mgongo ule uonyeshwe mahakamani. Mzee alifariki masika yaliyofuata. Wanaume walipokuwa wanamwosha, msichana alikaa nje ya mlango akipigapiga ukuta kwa ngumi, taratibu, mpaka ngozi ikachubuka.

Baadaye alianza kupata dawa zake bila kukosa, akapata kazi Mikumi, kwa mama ntilie mmoja kando ya barabara kuu, malori yanapopumzika. Niliwahi kumtembelea. Alikuwa amenenepa, anakaanga chapati kwa mkono wake mzima, ule mwingine anaufunika kwa kitambaa.

"Mama," aliniambia, "mtu akinyanyua mkono ghafla karibu yangu, hata kama anasimamisha gari, natafuta kitu cha kushika."

Nilimuuliza kama anajutia siku ile. Aligeuza chapati kwanza.

"Najutia kwamba ulinivuta," alisema.

Nilijibu kwamba asingevutwa angeua. Alisema anajua. Kisha akaleta jagi na beseni, akaninawisha mikono nile.