Nafasi Nayo Ina Tundu Lake

Wiki iliyopita, kwenye posta ya hapa Eldoret, nilipanga foleni nyuma ya wazee wawili walionunua shamba pamoja kule Soy, kisha wakanuniana. Mwenye ng'ombe alitaka waache njia ya kupitishia ng'ombe katikati ya sehemu zao. Mwenye mahindi alitaka kulima mpaka kwenye waya uliotenga sehemu zao. Hata hivyo walikuja kutuma telegramu moja, kuwaita jamaa kwenye karamu ya shamba jipya.

Karani alipobonyeza mashine, ikawa inatoboa utepe wa karatasi. Mwenye mahindi akainama.

"Hapa hujaandika kitu. Mbona imetoboa?"

"Hiyo ni nafasi, Mzee. Nayo ina tundu lake. Nisipoitoboa, maneno yatafika yameshikana."

Mwenye ng'ombe alikohoa. Akatazama dari.

Mwenzake akautazama utepe, akamtazama yeye, akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Haya, chukua njia yako. Lakini ng'ombe wako wasiguse mahindi yangu."

Walitoka wameshikana mikono.

Mhariri wangu hulalamika nikimletea safu fupi. Leo nimemwachia nafasi hapo chini, apitishe ng'ombe.